Lenzi ya Mfuko wa Koti

6 Februari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Natumaini u mzima na mguu umepona tangu ulipoteleza kwenye ngazi za dukani kwenu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu, anasema ukija usibebe zawadi, jilete mwenyewe. Paa la chumba cha nyuma linavuja palepale pa mwaka jana, ingawa fundi aliapa kwa jina la mama yake. Mama yako naye alipita Jumapili, akakaa na mke wangu jikoni saa nne nzima wakinong'ona. Mawifi wakipatana kiasi hicho, ujue kuna mtu anasemwa.

Sasa jambo lenyewe. Nimenunua kamera mpya, hizi ndogo zisizo na kioo ndani. Ile kubwa nimeiuza. Ilikuwa kilo moja na gramu mia nne pamoja na lenzi yake, na nimeivaa shingoni miaka kumi na moja. Hii ni gramu mia nne themanini na tano. Lakini lenzi iliyokuja nayo ni ya kuvuta, ndefu kama pua ya mbu, na mdomo wake ni mwembamba. Ukiingia nayo ndani ya nyumba inaona giza tupu. Nataka lenzi moja ya kutembea nayo kila siku, yenye mdomo mpana wa kuingiza mwanga, na fupi kiasi kwamba kamera nzima inaingia mfuko wa koti.

Sababu ni hii. Kiwanda cha nguo nyuma ya stesheni kimeniita. Kinatimiza miaka hamsini na wanataka picha ya kila mfanyakazi akiwa kwenye mashine yake, watu mia moja na arobaini. Flashi hairuhusiwi, kwa sababu mtu ameweka vidole sentimita mbili kutoka kwenye chuma kinachozunguka na ukimshtua umemkata. Stendi ya miguu mitatu hairuhusiwi pia, maana njia kati ya mashine ni nyembamba. Ni mkono mtupu. Kazi inaanza tarehe mosi Juni.

Unajua hali ya studio. Watu wanajipiga wenyewe kwa simu, hapa wanaletwa na picha za pasipoti tu. Kazi hii ndiyo itakayoamua kama bado mimi ni mpiga picha au ni mzee mwenye duka. Nikiikosa ataichukua yule tunayemwita Miwani, wa duka la pembeni. Nilimfundisha mwenyewe kupachika filamu, na leo tukipishana anatazama juu kama anayetafuta mvua.

Una lenzi mia moja mbele yako kila asubuhi. Nichagulie, lakini nichagulie kama mpwa, si kama muuza duka. Nimekuwa muuza duka, nawajua. Kitu kilicholala rafuni mwaka mzima ndicho kinachosifiwa kwanza.

Usinipigie simu. Simu ya nyumba hii ina masikio manne. Andika.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepona, ila ngazi ya tatu sasa naipita kwa heshima. Mama ameniandikia kwamba wewe na mke wa Mjomba mko salama na paa liko vilevile. Mimi nimehama chumba. Cha sasa kina dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani, kwa hiyo kila asubuhi najua nani amelala na soksi. Bosi wetu amenunua kiti cha kuzunguka na hajasimama tangu Jumatatu.

Kuhusu lenzi, hongera kwa kazi ya kiwanda. Nimefurahi mpaka nimewasimulia wateja.

Tuseme hivi. Ya milimita ishirini na nane inaona chumba kizima, na mtu anakuwa mdogo ndani yake usipomsogelea. Ya hamsini inataka uso peke yake na itakurudisha nyuma mpaka ugonge ukuta. Katikati kuna thelathini na tano na arobaini, na hapo ndipo wengi wanaotaka lenzi moja ya kila siku wanapotulia. Ila siwezi kukuchagulia gizani. Nijibu haya:

Kiwandani unaweza kurudi nyuma hatua ngapi? Mwanga unatoka juu au madirishani? Utawapiga wakiwa wamesimama au wameinama? Miwani yako ya macho ni ileile? Unatazama kwenye tundu la kamera au kwenye kioo cha nyuma? Bado unabana viwiko kwenye mbavu, kama ulivyonifundisha? Na ukipiga picha nyingi mfululizo, mkono unachoka baada ya muda gani?

Halafu nitumie kadi yenye picha sitini za miezi hii, kama zilivyotoka kwenye kamera. Usizichague, usizisafishe. Nataka kuona unavyofanya kazi siku hizi.

Mpwa wako


15 Machi

Bi Maswali,

Marahaba. Sisi wazima. Mke wangu alikuwa na mafua, yamepita kwake yakahamia kwangu. Fundi wa paa amerudi, amepanda, ameshuka, amesema tatizo ni mvua.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniuliza maswali saba, na yanayohusu lenzi ni matatu. Nimehesabu.

Hayo matatu nakujibu. Kutoka mashine hadi mashine ni mita moja na sentimita themanini. Nilipima kwa utepe wa fundi cherehani msimamizi alipogeuka kuongea na mtu. Toa nafasi ya mwili wangu, inabaki mita moja na nusu. Hamsini imekufa hapo. Mwanga ni taa za juu, madirisha ni machache na yako upande mmoja. Wengine wamesimama, wengine wameinama, mashine ndiyo inayoamua.

Miwani yangu ni ileile. Kwa nini? Swali la viwiko nimeliruka, maana mwanafunzi hamuulizi mwalimu kama bado anajua alichofundisha. La mwisho sikulielewa.

Mimi nimeshaipenda ile ya ishirini na nane. Nimeiona kwenye karatasi ya matangazo: gramu mia moja na ishirini, nyembamba kama kifuniko cha mtungi. Hiyo inaingia mfukoni na mfuko hauulizi. Mita moja na nusu inamtosha mtu kuanzia kiuno hadi kichwa pamoja na mashine yake. Hesabu nimemaliza, wewe thibitisha tu.

Kadi hii hapa. Kwa nini unataka ambazo hazijachaguliwa, sijui. Mpiga picha anahukumiwa kwa alizochagua. Mke wangu alinikuta nikiifunga kwenye karatasi akauliza ni nini. Nikamwambia kifungo cha koti. Hakuuliza zaidi, na hilo nalo si kawaida yake.

Mjomba


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Hapa kazi ni nyingi. Yule jirani wa soksi ameoa, sasa kuna soksi za watu wawili. Mama anasema nikuulize kama ile mbegu ya maua aliyompa mke wa Mjomba imeota.

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza kuandika mapema, nikachana, nikaanza tena.

Usichukue ishirini na nane. Chukua thelathini na tano hii ninayokuandikia, yenye chombo cha kutuliza mtikisiko ndani yake. Mdomo wake ni mpana zaidi, na kwa mita moja na nusu mtu anakaa vizuri bila kuvutika sura. Najua ni gramu mia tatu na tano. Najua haiingii mfuko wa ndani. Itaingia wa nje ukiacha kubeba daftari.

Kuna mteja wetu mmoja, daktari, anaitumia na kuisifu sana.

Mjomba, chai unashika kwa mkono gani siku hizi?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa,

Salamu za mke wangu zimo. Maua hayajaota.

Wiki tano nimengoja, nimepokea nusu ukurasa. Kwenye nusu ukurasa huo kuna lenzi nzito mara mbili na nusu ya niliyoitaka, kuna daktari, na kuna chai. Tangu lini daktari akawa sifa ya lenzi? Na chai yangu inaingiaje dukani kwenu?

Sasa nakwambia ninavyoona. Moja, hiyo thelathini na tano imelala rafuni na bosi wako wa kiti cha kuzunguka anataka iondoke. Ningekusamehe hilo, kazi ni kazi. Pili, na hili sisamehe: kuna mtu wa huku anakuandikia kuhusu mimi. Hukuanza kuuliza mambo ya mikono na viwiko kwa ndoto. Wanaoingia studio yangu ni watatu. Mke wangu. Mama yako, na midomo yake. Na fundi wa paa, ambaye anatazama kila kitu isipokuwa paa. Miwani simhesabu, ingawa namhesabu.

Nilibeba stendi ya mtu mwingine miaka minne kabla ya kugusa kamera. Ukoo mzima ulicheka. Mama yako ndiye aliyesema mezani, mbele ya wageni, "Kaka yangu amepata kazi ya kubeba miguu mitatu." Hakuna aliyenishika mkono nilipoanza, kwa hiyo asitokee mtu leo kuniambia mkono wangu ukoje.

Nipe jina la aliyekuandikia. Ishirini na nane nitaitafuta mwenyewe.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Sitaandika ya soksi.

Hakuna aliyeniandikia. Naapa. Aliyesema ni kamera yako.

Unajua kila picha inabeba ndani yake namba zake: urefu wa lenzi, kasi, saa. Ninazo picha zako za mwaka juzi, zile sitini ulizonipa nijifunzie. Nimezilaza kando ya hizi za sasa. Mwaka juzi, arobaini na moja ulizipiga kwa kasi ya sitini au chini yake. Ulinifundisha mwenyewe: mwanga ukiwa mdogo, acha jicho la kamera wazi kwa sehemu ya sitini ya sekunde, hata ya thelathini, zuia pumzi, picha itatoka safi. Safari hii, za namna hiyo ni mbili tu, na zote mbili zimetikisika. Nyingine zote ni mia mbili hamsini na kupanda. Umekimbilia kasi ili mtikisiko usionekane, na bei yake ni chembe. Uso wa bibi harusi umejaa mchanga.

Nikajiambia labda watu wako siku hizi wanatembea haraka. Kisha nikaikuta picha ya ukuta wa studio, ule wenye saa. Umeupiga kwa mia tano. Mjomba, ukuta nao ulikuwa unakimbia?

Kiwandani, chini ya taa zile, mia tano haitawezekana hata ufanyeje. Ndiyo maana nikakutajia thelathini na tano. Haikulala rafuni, tuna moja na watu wawili wanaiulizia.

Daktari nilimuuliza mimi, bila kutaja jina. Alisema mkono unaweza kutetemeka kwa sababu nyingi na nyingine ni nyepesi, ila hawezi kumpima mtu kwa kadi ya kamera.

Nilichelewa kwa sababu sikujua mpwa anamwambiaje mjomba wake jambo kama hili. Nikaona niulize chai. Ilikuwa vibaya.

Ndani ya kifurushi kuna lenzi zote mbili. Nimeziomba kwa bosi kwa siku kumi na nne, kwa jina langu. Usiniamini mimi. Pima.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika, lenzi zote hazina mkwaruzo. Barua yako imefika pia, ila ilichelewa siku tatu, na nitakueleza siku tatu hizo zimenigharimu nini.

Nilikuwa nikikungoja unipe jina. Hukuandika, nikaamua kulitafuta. Jumatano asubuhi nikafunga mlango wa studio, nikamwita mke wangu, nikamketisha kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia, "Nani amemwambia mtoto wa dada kuhusu mkono wangu?"

Akanitazama. Akasema, "Mkono gani?"

Mpwa wangu, nimepiga picha maelfu ya nyuso na najua uso unaodanganya. Ule haukuwa unadanganya. Nikajaribu kurudi nyuma. Nikasema, "Hakuna, basi." Akasema, "Hapana, sasa kuna. Lete hapa." Akaushika, akauweka juu ya meza, akaweka karatasi ya picha juu ya vidole. Karatasi ikawa inacheza yenyewe. Tukaitazama wote wawili kama wageni.

"Tangu lini?"

"Novemba."

"Novemba," akasema. "Miezi sita unakunywa chai nje ya nyumba. Nilidhani una mwanamke."

Kumbe ndiyo minong'ono ya jikoni. Mama yako alikuwa akimsaidia kufikiri ni nani. Walikuwa wameshafika kwa yule wa duka la vitambaa. Nikamuuliza sasa afadhali lipi. Akasema bado hajaamua, na hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Kwa hiyo mpelelezi nilikuwa mimi, na aliyekamatwa ni mimi. Nilificha miezi sita, nikajitangaza kwa swali moja.

Sasa vipimo. Chumba cha nyuma, taa moja, kasi ya thelathini, mke wangu amekaa kwenye kiti na uso wa Jumatano. Picha ishirini kwa lenzi ya ishirini na nane: safi tano. Picha ishirini kwa ya thelathini na tano: safi kumi na sita. Nilishuku kwamba nilikuwa nimechoka kwenye ya kwanza, nikarudia kwa kubadilisha zamu. Nne, na kumi na saba. Nilishuku kiti. Nikahamisha kiti. Nikaacha.

Nitaichukua thelathini na tano. Ishirini na nane nakurudishia. Ni nzuri, imeundwa vizuri, inaingia mfukoni kama nilivyosema, na ni ya mtu mwingine.

Kwa daktari nitakwenda Jumatatu. Mke wangu anakuja, sikumwalika.

Hukukosea kuuliza chai. Nilikosea kutojibu.

Mjomba wako


26 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima na bosi wako amesimama walau mara moja. Huku tuko salama. Mama yako amekuja kuomba radhi kwa mambo ya duka la vitambaa, akaomba radhi kwa kicheko, jambo ambalo si kuomba radhi, lakini nimelipokea. Paa limezibwa. Nilipanda mwenyewe na mke wangu akashika ngazi.

Daktari alinichorisha mistari kwenye karatasi, akanitembeza, akaniambia nimimine maji. Anasema si ule ugonjwa tuliokuwa tukiuogopa bila kuutaja. Ni mtetemo wa mishipa ya fahamu. Hauui na hauponi. Vidonge vinaupunguza, miaka inauongeza. Nilimuuliza kwa kiasi gani kwa mwaka. Akasema haupimwi hivyo. Nikamwambia kila kitu kinapimwa. Mke wangu akanifinya.

Sasa kiwanda. Tarehe mosi nilimwendea msimamizi kabla sijatoa kamera kwenye mfuko, nikamwambia mkono wangu wa kulia unatetemeka. Nilijua siku moja habari ingemfikia Miwani naye angemwambia, na sikutaka aisikie hadithi yangu kwa mdomo ule. Msimamizi akasema, "Kwa nini unaniambia?" Nikasema, "Ili ukiona picha mbaya usidhani ni mashine zako." Akanipa ukumbi wa kwanza, watu thelathini na sita, akasema ataziona kwanza.

Nilipiga siku nne. Asubuhi tu, vidonge vikiwa na nguvu. Viwiko kwenye mbavu, bega kwenye nguzo palipokuwa na nguzo, kasi ya sitini. Kila mtu nilimpiga mara nane. Zamani nilikuwa nikipiga mara mbili na kuringa. Thelathini na wanne walitoka safi, wawili nimewarudia. Hiyo thelathini na tano ni nzito kweli, imenitoboa mfuko wa nje, na daftari sasa linakaa mfuko wa suruali. Sikusifii, nakuarifu.

Msimamizi akaziona. Amenipa ukumbi wa pili na wa tatu, ambao wote pamoja ni watu sitini na nne. Ukumbi wa nne, wenye watu arobaini na taa mbovu kuliko zote, amempa Miwani. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kuuona ukumbi wenyewe, nikasimama katikati, nikahesabu taa. Kumi na moja, tatu hazifanyi kazi. Nisingeuweza. Nikapita dukani kwa Miwani nikamwambia wapi pa kusimama. Mara hii hakutafuta mvua.

Picha moja naiweka kwenye bahasha hii, kwa sababu lilinitokea jambo ambalo halijawahi kunitokea. Ni ya mama mmoja wa mashine ya kumi na tisa, anayesokota nyuzi. Nilikuwa nimeinua kamera, akasema kwa sauti ya kushinda mitambo:

"Fundi, mkono wako unacheza!"

Wote wa mstari ule wakageuka. Mwaka huu wote nilikuwa nikikimbia neno hilo, na sasa limepigiwa kelele mbele ya watu ishirini. Nikamwambia, "Unacheza kwa kukuona wewe. Tulia basi, usiuchochee."

Akacheka mpaka akaegemea mashine, na hapo nikapiga. Mara moja tu, si nane. Ya pili sikuwahi, alikuwa ameshafunika uso kwa kitambaa.

Nimeitazama mara nyingi. Kuna siku naiona kali mpaka unyuzi mmoja mmoja, kuna siku naona jicho la kushoto limeteleza. Msimamizi anaipenda, lakini yeye anapenda kicheko. Mke wangu anasema ni nzuri, lakini yeye sasa ananihurumia. Itatundikwa kiwandani siku ya sherehe, kubwa, mita moja kwa mita moja na nusu, na kosa la unywele litakuwa kosa la kamba.

Itazame wewe. Kama imetikisika, niambie, tena usiulize chai. Nina mpaka tarehe tano kumwomba yule mama acheke tena.

Mjomba wako